Kwaya Isiyoimba

Mama Rosalie, mjane anayeuza makaa, au makala kama tusemavyo, mtaani kwetu hapa Likasi, aliongoza kwaya kwa miaka minne bila kuimba hata wimbo mmoja. Siri hiyo imeshavuja, kwa hiyo naisema. Walikuwa watu saba wenye virusi vya ukimwi. Kila mwezi mmoja wao alipanda teksibasi kwenda kituo cha afya kuwachukulia wote dawa, ili wengine wasipoteze siku ya kazi. Walijiita kwaya, au chorale, kwa sababu huku kwetu watu wazima saba hawaingii nyumba moja bila majirani kuwatafutia jina, na hilo la majirani lingekuwa baya zaidi. Sharti lao lilikuwa moja: jambo la mwenzako halitoki mdomoni mwako.

Rosalie hana mchezo. Aliyezembea dawa alifuatwa hadi kazini akasemwa mpaka aone haya. Ndivyo alivyomfuata Hilaire, mchimbaji katika mgodi wa Kamatanda, alipoacha vidonge. Mchungaji wake alikuwa amemtangaza mzima mbele ya kanisa, naye akaamini; mtu aliyechoka kumeza dawa huamini upesi. Rosalie alimsihi, kisha akauliza lililokuwa likimnyima usingizi: je, mkewe Glodie anajua? Glodie alikuwa na mtoto mchanga, na ugonjwa huu hupita katika maziwa kama mama hapati dawa.

“Minye mwenyewe nitamwambia,” Hilaire alijibu. “Weye usiingie mu nyumba yangu na ile maneno.”

Rosalie akanyamaza. Mimi ningepiga kelele, au labda najidanganya tu.

Hilaire hakusema kitu. Masika yalipoanza alikuwa anakohoa, na kabla hayajaisha alikufa. Matangani Glodie aliomba jambo moja: kwaya ambayo mumewe hakukosa hata siku moja ije imwimbie. Kukataa kungewaumbua wote, wakaenda. Rosalie alianzisha wimbo wa misa unaojulikana na kila mtu. Casimir, fundi baiskeli, aliupandisha juu mno, Michelle akarukia ubeti mwingine, wakakwama katikati. Watu walificha vicheko ndani ya vitenge. Glodie hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka wakainamisha vichwa.

Baada ya maziko alimfuata Rosalie nyumbani, mtoto wake Jenny akiwa mgongoni.

“Mama Rosalie, ile haiko chorale. Bwana yangu alikufa na nini?”

Rosalie alimweleza yote, akilia. Kesho yake alimpeleka kituoni. Damu ya Glodie ilijibu papo hapo: anao. Ya mtoto ilitumwa Lubumbashi, wakangoja wiki kadhaa, na Rosalie hakula vizuri hata siku moja. Jibu liliporudi lilikuwa lile lile la mama yake.

Siku hiyo walirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali na Glodie alikuwa anayumba, kwa hiyo Rosalie alinyoosha mikono ampokee mtoto. Glodie alirudi nyuma. Rosalie akaanza kumweleza kuhusu sharti la kundi, na jinsi alivyomsihi Hilaire. Glodie alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Rosalie zaidi.

“Kila asubui ulikuwa unapita kwangu na makala,” Glodie alisema. “Unanikuta niko nanyonyesha. Unaniambia: munyonyeshe muzuri, mama, mutoto akomale.”