Mwalimu Genoveva na Nyota Inayoyumba

Watu wakisema Lukole, kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, ilikuwa ya shida tu, mimi huwakatiza. Shida zilikuwepo, tena tele. Lakini na Mwalimu Genoveva alikuwepo.

Mimi Agripina, Mhangaza wa kijiji cha jirani, nilikuwa napika uji wa shule. Jiko langu lilikuwa nyuma ya darasa lake, na ukuta ulikuwa turubai, kwa hiyo kila alichofundisha kilinifikia. Alifundisha kwa Kirundi, lugha ya kwao, na Kirundi na Kihangaza ni ndugu. Nilisoma bure!

Mwishoni mwa mwaka tisini na tano alikuja mbio asubuhi, redio kaibana kwapani, ile redio aliyoilisha betri za kuanikwa juani.

"Mama Agripina, wamepata sayari inayozunguka jua la wengine!"

"Mwalimu, hata unga wa leo haujaletwa," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hiyo aliwafundisha watoto habari hiyo. Sayari yenyewe hakuna aliyeiona, alisema. Nyota inawaka mno, na kuitafuta sayari pembeni yake ni kama kutafuta kimulimuli mbele ya taa za lori. Basi wataalamu wanaitazama nyota yenyewe. Akamwita Pancras, mkubwa kuliko wote darasani, akamshikanisha mikono na mtoto mdogo, akamwaga majivu yangu chini na kuwaambia wazunguke. Vumbi hilo! Kisha akawaonyesha nyayo: mdogo kachora duara kubwa, na Pancras, aliyedhani amesimama palepale, naye kachora kaduara kake.

"Nyota nayo inavutwa hivyo," akasema. "Inayumba kidogo."

Na ikiwa mbali vile, wanajuaje, mtoto mmoja akauliza. "Sikilizeni honi ya lori barabarani. Likija, sauti ni kali. Likishapita, inakuwa nzito. Mwanga una tabia hiyo. Nyota ikitujia, mwanga wake unaelekea kidogo kwenye bluu. Ikirudi nyuma, unaelekea kwenye nyekundu. Ukiona unabadilika hivyo kwa zamu, bila kukosea, ujue kuna kitu kinaivuta."

Ile waliyoipata ilimaliza mzunguko kwa siku nne tu. Mwaka mzima, siku nne! Huko mimi ningekuwa nimeshazikwa kwa uzee.

Katika darasa lile alikuwemo Iteka, msichana wa miaka kama kumi, aliyeandikishwa kuwa hana ndugu, akilelewa na mama mmoja kambini. Siku moja Xavery, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamkamata akitoka na kikombe cha uji. Unga ulikuwa unapungua stoo, basi akamwita mwizi mbele ya watu na kutaka afukuzwe. Xavery alikuwa na mdomo, kamati nzima ilimwogopa. Moyo uliniuma jamani.

Genoveva akasimama. "Mimi namwangalia mtoto huyu muda mrefu. Uji hanywi, anaupoza. Akitoka anakwenda haraka, tena upande usio wa kwao. Akirudi anaburuta miguu. Kila siku vilevile. Huyu anavutwa na mtu."

Xavery akaguna. "Ndiyo nyota zako hizo?"

"Hizohizo." Akapiga magoti mbele ya Iteka. "Ni nani, mwanangu?"

Iteka akaangua kilio, akatupeleka.

Ilikuwa kwenye kibanda cha familia iliyokwisha kuhama. Juu ya mkeka alilala mtoto wa miaka minne, mdogo wake Kwizera, anawaka homa, midomo imepasuka. Njiani kutoka Burundi walisikia kwamba yatima hugawanywa, huyu nyumba hii, yule nyumba ile. Ndiyo maana alimficha. Genoveva alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati, na Xavery akatangulia kuwaondoa watu njiani.

Mganga alisema tungechelewa kidogo tu tungemkosa. Nililia, sikuona aibu.

Kisha karani wa kambi akauliza mtoto akipona apelekwe wapi, maana yule mama anayemlea dada yake hana nafasi ya wa pili. Iteka akaking'ang'ania kitenge cha mwalimu kwa mikono miwili.

"Kwangu," akasema Genoveva. "Pamoja na dada yake."

Karani akaandika. Mimi nilikijua kibanda cha mwalimu: kitanda kimoja cha fito, cha mama yake mzee, na mwalimu mwenyewe alikuwa analala chini.