Maximiliana Aitafuta Ngitili ya Sapiwi

Maximiliana alikuwa karani wa ramani Bariadi, miaka ile kila mwenye fedha alipoitwa mwekezaji. Mmoja aliitaka ngitili yetu ya Sapiwi, malisho tuliyoyatunza kwa ajili ya kiangazi. Zamani neno la wazee lilitosha. Sasa serikali ilidai ramani ya kuthibitisha kuwa ni yetu, nami nikamwendea Maximiliana.

Kompyuta yake iliweza kuuliza saraka za ofisi nyingine, kila moja ikieleza ramani ilizonazo. Akaandika “Sapiwi”. Hakuna!

“Mayu, ng’ombe watakula nini?” nilimuuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma.

“Tulia, baba. Huenda wachoraji waliandika jina la mtemi badala ya Sapiwi.”

Akaacha majina, akaingiza latitudo na longitudo za mipaka. Ikajitokeza! Ramani ya malisho, imehifadhiwa Dodoma, ngitili imechorwa!

Nilipiga vigelegele, mwanaume mzima, na Maximiliana akaanza kuandika barua ya kuiagiza.