Mama wa Pasi na Mstari wa Kodi

Nilipoajiriwa kuandaa mishahara katika hoteli moja ya Diani, nilikuwa na stashahada ya uhasibu na kiburi cha kutosha. Wafanyakazi tulikuwa karibu mia moja. Kila mwisho wa mwezi kompyuta ilipiga hesabu, nami nikachapisha hati za mishahara na kuzigawa. Aliyeuliza mbona pesa zimepungua, nilimjibu kwa neno moja tu: makato.

Kule kwa dobi kulikuwa na mama aliyekuwa akipiga pasi mashuka ya wageni kwa miaka kumi na sita. Kwao ni Kinango, kwa wafugaji, naye alikuwa amehamia Bongwe na kujenga huko. Shule aliishia darasa la saba. Mimi nilimjua kwa sura na kwa namba yake ya kazi, basi.

Sheria ya kodi ilipobadilika, alikuja ofisini na hati mbili, ya mwezi uliopita na ya mwezi ule. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasubiri nimwonyeshe kiti ndipo akakaa. Alisema amesikia redioni kwamba siku hizi mchango wa bima ya afya na ule wa nyumba za bei nafuu hutolewa kwanza kwenye mshahara, kisha kodi ikatwe kwenye kinachobaki. Sasa yeye alitaka kujua kwa nini mstari wake wa kodi haukushuka hata shilingi moja.

Nilimjibu kwamba kompyuta haikosei. Akashukuru, akakunja karatasi zake, akaenda zake kazini.

Mwezi uliofuata alirudi na hati tatu. Nilianza kumrudishia jibu lile lile, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, sikuja kukushtaki," alisema. "Nataka nielewe. Nipigie hesabu hii kwa mkono wako, polepole, nami nione."

Nilichukua kalamu, hasa ili aondoke. Niliandika mshahara wake wote. Nikatoa mchango wa uzeeni, nikatoa wa afya, nikatoa wa nyumba. Kwenye kilichobaki nikapiga kodi, kisha nikaondoa ile nafuu ambayo kila mlipa kodi hupewa kwa mwezi. Yeye alifuata kila mstari kwa kidole, na kila nilipofika tarakimu mpya aliniuliza imetoka wapi. Nilipomaliza, kodi niliyoipata ilikuwa pungufu ya ile ya kwenye hati kwa shilingi mia tatu na kitu. Nilirudia. Ikawa vile vile. Kompyuta ilikuwa bado inatoa mchango wa uzeeni peke yake kabla ya kodi. Aliyetakiwa kuirekebisha sheria ilipobadilika alikuwa mimi.

Niliogopa kazi yangu. Nilimwambia nitamrudishia zake mwezi ujao, na hesabu za wengine nitazirekebisha kimyakimya kuanzia hapo, bila kuwarudishia za nyuma.

Akatikisa kichwa. "Ukinirudishia mimi peke yangu, wenzangu kule kwenye pasi nitawatazama vipi?"

Kisha akaniuliza kama ningependa afuatane nami kwa mhasibu mkuu. Niliona haya, maana ningepiga hesabu siku ile ya kwanza, ningekuwa nimemwambia mwenyewe wiki nyingi kabla. Nikasema ndiyo.

Mhasibu mkuu alikuwa mama wa bara, mwepesi wa maneno na mzito wa kusamehe. Nilijiandaa kwa matusi. Lakini mama wa pasi ndiye aliyetangulia kusema, akiwa na aproni yake ya kazi, akaeleza hesabu ile mstari kwa mstari kama nilivyomwonyesha, bila kunitaja hata mara moja. Mhasibu akafungua saraka ya meza, akatoa hati yake mwenyewe, akaipigia hesabu ile ile. Naye alikuwa amekatwa zaidi.

Nilipewa onyo la maandishi, nalo lilinistahili. Mwezi uliofuata kila mfanyakazi aliyekatwa kodi zaidi alirudishiwa chake.

Siku hati zilipogawiwa, mama yule aliniomba nishuke kwa dobi wakati wa chakula cha mchana. Nilidhani anataka kunishukuru. Nilikuta watu kama ishirini wamekaa juu ya mafurushi ya taulo, hati mikononi, wakinisubiri niwafundishe kuzisoma. Nilieleza kwa Kiswahili changu cha ofisini. Mzee mmoja wa mashine za kufulia alipopotea njiani, mama alimweleza kwa Kiduruma, lugha ya kwao. Vijana wa Ukunda wakamuuliza kwa Sheng' yao, naye akawajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, tena kwa maneno mafupi kuliko yangu. Nafikiri nusu ya somo lile alilifundisha yeye, na mimi nilikaa nikisikiliza, nikijifunza jinsi ya kueleza kazi yangu.

Kabla hatujatawanyika alinivuta kando. Alitaka kujua siku ya kustaafu mchango wa uzeeni unadaiwa wapi, na kwa karatasi zipi. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui vizuri, na kwamba nitauliza.

"Uliza," alisema. "Jumatatu nitapita."