Kijiko cha Mama na Fundo Kavu

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, zile siku ambazo nyumba nyingi zilikuwa bado za nyasi na maturubai, tulijua kupiga fundo kabla ya kujua kuandika majina yetu. Tulifunga kuni, tulifunga maturubai yasipeperuke, tulitengeneza mipira kwa mifuko ya plastiki na kuikaza kwa kamba za matairi. Watoto wa leo hata viatu vyao havina kamba. Ndiyo maana damu ilinichemka Jumamosi ile binti yangu Zaina aliporudi nyumbani kwetu Kauma, hapa Lilongwe, kutoka dukani Area 47 na ufito mpya wa kuvulia samaki, mfupi, mgumu, unaong'aa, pamoja na mshipi wa nailoni mnene kama wa kufungia ng'ombe.

"Iko nguvu kupita yote, Papa," aliniambia. "Muntu ya duka amesema haikatikake."

Nilikaa chini. Ana miaka kumi na sita, anajua kufufua simu yangu kila inapokufa, lakini hajui kwamba mshipi mnene haufiki popote. Unajiviringa kwenye bobini, kile kibiringo unamokaa, unakwaruza kila kipete unachopita, na unaangukia miguuni mwa mrushaji. Nilimweleza. Akaniambia video aliyoitazama kwenye simu haikusema hivyo.

Na haikuwa kazi ya kuchezea. Baba yangu, ambaye bado anaishi Dzaleka, alikuwa amenitumia ujumbe kwamba anataka kufika bwawani tulikokuwa tukivua mara moja zaidi, na anataka kuona kijiko cha kuvulia samaki kikirushwa mpaka kwenye mkondo. Bega lake halipandi tena, kwa hiyo sisi ndio tulipaswa kumrushia. Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa safari hiyo. Kuna neno moja kuhusu bwawa lile ambalo sikuwa nimemwambia baba tangu nikiwa na miaka kumi na moja.

Kule Kindu, Kongo, baba alikuwa mchuuzi wa chumvi na sabuni, lakini saa za jioni alikuwa mtu wa mto. Tulipokimbia, wenzetu walibeba magodoro. Yeye alibeba mulinet, kile kigurudumu cha kuviringia mshipi, akakizungushia kitenge cha mama. Ndani ya kitenge hicho mlikuwa pia na kijiko. Kilikuwa kijiko cha mezani, kimoja kati ya sita ambavyo mama aliletewa siku ya harusi yake. Baba alikikata mpini, akakitoboa huku na huku, akakitia ndoana ya ncha tatu, maana kijiko kikivutwa majini hucheza na kumetameta, na samaki mkubwa hudhani ni samaki mdogo. Mama alinuna mwezi mzima. Kila alipopakua chakula alihesabu kwa sauti, tusikie wote: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, na kile cha samaki. Alizikwa Kindu mwaka mmoja kabla hatujaondoka. Vile vitano sijui viko mdomoni mwa nani.

Bwawa letu lilikuwa chini ya mashamba, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kambini. Ukingoni palikuwa na matope na matete, na hapo walikaa samaki wadogo wa watoto. Kambare wakubwa, ambao Wamalawi huwaita milamba, walikaa mbali, mahali mto wa zamani ulipokuwa ukipita kabla maji hayajazuiwa. Baba alipaita mkondo. Kufika pale kulihitaji kurusha hatua arobaini au zaidi, na kambi nzima walioweza walikuwa watu watatu.

Enzi hizo ufito haukununuliwa. Tulikwenda kuomba mwanzi kwa mwenye shamba, na baba aliugongagonga kila mmoja kwa kucha, akakataa ule mchanga na kukataa ule mkavu, hadi mwenye shamba akaanza kuguna. Alitaka mrefu, karibu mara mbili ya urefu wa mtu. Aliukausha juu ya moshi wa mbaula, jiko letu la makaa, wiki tatu, na wiki hizo tatu nsima, ugali wa Malawi, ilinuka mwanzi. Kisha aliukandamiza ncha yake chini. Ukipinda juu tu na kurudi upesi, huo ndio. Ukipinda wote, ni wa kuanikia nguo. Vipete vya kupitishia mshipi alivikunja kutoka kwenye spoki zilizotupwa za baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, akavisugua kwa jiwe na mchanga mpaka visiwe na mkwaruzo hata kidogo. Sisi tulisugua hadi vidole vikatoka malengelenge, na hakuna aliyetupiga picha.

Lakini mateso hasa yalikuwa kwenda naye Lilongwe kununua mshipi. Alikuwa akiuvuta kutoka kwenye bobini mbele ya muuzaji, anauinua juani, anaupitisha polepole kati ya midomo yake kutafuta mahali penye jeraha. Wauzaji walimchukia. Alichagua mwembamba siku zote, na mbele yake akaunga kipande kinene cha urefu wa ufito na nusu, alichokiita shingo.

"Uzi mwembamba njo inaenda mbali," alituambia. "Shingo njo inabeba nguvu ya kutupa. Ukiweka yote minene, utavua matope."

Bobini aliijaza hadi ibaki nafasi ya unene wa ukucha tu kutoka ukingoni. Fundo aliliviringa mara tano, akarudisha ncha kwenye tundu, na kabla ya kulikaza aliliweka mdomoni na kulilowesha kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hujichoma yenyewe kwa msuguano. Ukiitazama huoni kitu, lakini ukirusha kwa nguvu inaachia. Hili alitufundisha mpaka tukamchoka. "Mate kwanza, njo uvute," alisema asubuhi, mchana, na hata tulipokuwa tunafunga mizigo ya chumvi, ambayo haihitaji mate ya mtu.

Sasa ngoja niseme la Ramadhani ile. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nikishika saumu kamili. Watoto tuliotoka Kindu tulikuwa tumejitungia sheria yetu wenyewe, kwamba anayemeza mate amekula. Hakuna mwalimu aliyetufundisha upuuzi huo. Tulitema tangu alfajiri, tulitema njiani, tulitema nyuma ya madrasa mpaka ardhi ikawa na madoa, na aliyetema sana ndiye aliyeonekana mcha Mungu zaidi. Rafiki yangu Hamisi alijipa kazi ya kuwalinda wengine. Ukiinama karibu na maji, alipiga kelele kwamba umekunywa.

Siku hiyo baba alinipa ufito bwawani, akanipa kijiko cha mama mkononi. Alisema nipige fundo mwenyewe, nirushe mpaka mkondoni, tupate samaki wa futari, naye akaenda kuzungumza na wazee wenzake. Niliviringa mara tano vizuri kabisa. Kisha nikafika kwenye mate, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kama gunzi. Hata kama ningepata tone, kutia nailoni mdomoni niliona ni kuivunja saumu. Maji ya bwawa yalikuwa hatua mbili mbele yangu. Hamisi naye alikuwa pale pale, macho yamemtoka, ananisubiri niiname.

Nikalikaza kavu. Nikarusha kwa nguvu zangu zote.

Kijiko kiliruka vizuri kuliko siku zote. Kilimeta juani, kikapita matete, kikafika mkondoni, na mshipi ukaanguka mwepesi juu ya maji nyuma yake. Nilipovuta hapakuwa na uzito wowote. Baba alikuja, akaviringa mshipi wote taratibu, akaishika ncha kati ya vidole viwili. Mshipi uliokatika huacha ncha iliyonyooka. Ile ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, na hiyo ni alama ya fundo lililoachia.

"Ulilowesha?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

Akanitazama kidogo. Hakunipiga. Jioni tulifuturu uji na nsima kwa majani ya maboga, na aliwaambia majirani kwamba mwanawe leo amefikisha saumu mpaka mwisho. Nilikuwa nimeilinda saumu yangu dhidi ya tone la mate, na nikaichafua kwa uongo mbele ya baba yangu, juu ya kijiko cha mama yangu. Niliona aibu, na bado naiona.

Basi turudi kwa Zaina na ufito wake. Nilimrudisha dukani, nikauliza mrefu zaidi, na muuzaji alinitazama kwa jicho lile lile walilokuwa wakimtazama baba. Nikachagua mshipi mwembamba. Niliupitisha kati ya midomo, na binti yangu akajifanya hanijui, akaenda kusimama karibu na ndoo za plastiki. Kumbe nyumbani alikuwa ameshakata vijiko viwili vya mama yake na kuvitoboa kwa msumari wa moto. Mke wangu amenuna mpaka leo.

Tulimfikisha baba bwawani kwa baiskeli mbili za kabaza, yeye kwenye moja na kiti chake kwenye nyingine. Alikaa pale pale wazee wenzake walipokuwa wakikaa, na hakuna hata mmoja wao aliyebaki. Zaina alinikataza nisimpigie fundo. Alisema amelijifunza, na kweli aliliviringa mara tano, simu imeegemezwa kwenye jiwe ikimwonyesha. Niligeuka nimfunike baba miguu kwa kitenge. Nilipogeuka tena, alikuwa amesharusha.

Kijiko kilipita matete. Kilifika mbali sana, na mshipi ukaanguka mwepesi nyuma yake. Nilijua kabla hata hajaanza kuvuta.

"Leta," alisema baba. Zaina akaviringa, akamkabidhi ncha. Macho ya baba hayaoni vizuri siku hizi, akaipapasa kwa vidole. Ilikuwa imejikunja.

"Ulilowesha?"

"Hapana, Koko," Zaina alimjibu babu yake. "Niliona haya kuweka mu kinywa mbele ya bantu. Njo nimekaza tu. Unisamehe."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Nilikuwa nimekasirika na kidole nimeshakiinua, nimeandaa hotuba nzima juu ya video na watoto wa siku hizi. Nikakishusha.

Baba alitikisa kichwa polepole. "Njo vile banasemaka," alisema, yaani ndivyo watu wanavyosema, na hakuwa anamtazama Zaina.

"Papa," nikasema, "ile siku ya kijiko ya Mama. Mi pia sikulowesha."

"Minajua."

"Nilikudanganya."

"Minajua. Nilishika uzi mi mwenyewe." Akavuta kitenge miguuni. "Nilikuwa minangoja tu useme."

Zaina alitutazama sote wawili, akaenda kuleta kijiko cha pili. Enzi zetu tulijua kuchagua mwanzi kwa kuugonga, tulijua mshipi kwa midomo, tulijua mafundo ambayo hawa hawatayajua hata wakipewa simu kumi. Tulikuwa hodari wa mikono, na mimi bado nawasema na nitaendelea kuwasema, maana wananichosha. Lakini sisi tuliona haya kusema kosa, na hatukuona haya kudanganya. Yeye aliona haya ya mate kidogo tu.

Baba aliomba mshipi, akapitisha shingo kwenye tundu la kijiko kwa kupapasa, akaviringa mara tano, akarudisha ncha. Nilidhani fundo hilo ataliweka mdomoni mwake, au atampa Zaina ajifunze. Alinyoosha mkono, akalileta mbele ya midomo yangu, akangoja. Nikafungua mdomo, nikalilowesha.