Ombi la Kibanda Lililofungia Karanga

Nilikuwa nimebakiza karanga tatu nilipouona mwandiko wangu kwenye kikaratasi zilimofungiwa. "Malengo ya mwombaji," kwa wino wangu wa bluu. Chini yake: "Kushona sare za shule." Doa la mafuta lilikaa sawasawa juu ya neno sare. Nilizimaliza zile karanga kwanza, nilikuwa na njaa, kisha nikamkaza mtoto mgongoni nikaenda moja kwa moja kwa bwana wa vibali.

Lilikuwa ombi langu la kuweka kibanda mtaa wa Kizwite. Miaka ile biashara ilikuwa ruksa, redio haikupumzika kutuambia tujiajiri. Cherehani ninayo. Kilichokosekana ni karatasi ya kuniruhusu nikae nayo barabarani.

"Shikamoo," nilimwamkia, maana nimelelewa. Nikamwekea lile karatasi mezani.

"Marahaba. Nini hii, mama?"

"Malengo yangu. Yanauzwa sokoni, yametiwa na chumvi."

Akaligeuza. "Labda hii ni nakala."

"Nakala nitoe wapi? Nina mashine ya kudurufu miye?"

"Basi usipandishe hasira. Andika upya. Ila safari hii utenganishe malengo ya muda mfupi na ya muda mrefu, kama tulivyofundishwa semina."

Upya! Mara ya kwanza alisema malengo yangu hayapimiki. Mara ya pili, hayana dira. Mara ya tatu alipokea, akatabasamu, akasema nisubiri. Nilisubiri tangu watu wanapanda mahindi mpaka sasa wanachoma mabichi. Januari shule zilifunguliwa, sare wakashona wengine. Msimu uliobaki ulikuwa wa komunio ya kwanza, na kina mama wa jumuiya walishaniletea vitambaa vyeupe vya mabinti zao.

"La muda mfupi ni nisikupige," nikamwambia. "La muda mrefu, nisifungwe."

Akaita mhudumu anitoe. Nilitoka mwenyewe, na karatasi langu nikalichukua.

Sikwenda nyumbani. Nilimfuata mama mkwe shambani, pembeni mwa mtaa wetu wa Izia, akitengeneza intumba, yale matuta ya duara ya kwetu Ufipa: unakata nyasi na udongo wake, unazifunika kichwa chini, zinaoza humo humo zinakuwa mbolea. Mume wangu alikuwa ziwani, huko Wampembe, akivua dagaa, kwa hiyo wa kumlilia alikuwa huyu bibi.

"Malengo ndiyo nini?" akaniuliza. "Mbegu?"

"Ni mambo unayotaka kufanya, mama."

"Sasa wewe unataka kufanya, unamwandikia yule wa nini? Yeye ndiye atashona?"

"Anatakiwa aniruhusu."

"Amekukataza?"

Nikafikiri. Hakunikataza. Mara zote tatu hakuwahi kusema hapana.

"Basi mlaze huyo mtoto, shika jembe. Tunafika pale kwenye kichuguu kabla ya mvua." Tulifika. Mvua ilitukuta tumeshamaliza, na mimi kiuno hakikunyooka siku mbili.

Kesho yake, na kiuno hicho hicho, nilijitwika kichwa cha cherehani, jirani akanibebea meza ya cherehani, nikajipanga Kizwite kwenye ile sehemu niliyoiomba. Kufika mchana nilikuwa nimeunga mikono ya gauni mbili. Ndipo mgambo akaja na kirungu chake.

"Dada, kibali?"

"Muulize muuza karanga."

"Unanitania? Kesho nikikukuta hapa, hiyo cherehani naibeba."

Hakuwa anatania, na cherehani ile ndiyo kazi yangu yote. Nikarudi nyumbani, nikachana karatasi mbili katikati ya daftari, nikaandika barua na nakala yake bila kuomba ushauri wa mtu. Nilipeleka masijala ya ofisi ya wakubwa wa mji, wanakopokelea barua, nikasimama pale mpaka karani alipogonga mhuri kwenye nakala yangu. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA OFISA WA VIBALI

Ndugu, mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Izia, nimemaliza kidato cha nne. Nimeomba nafasi ya kibanda mara tatu. Ombi la tatu nimelikuta sokoni limefungia karanga. Nimeliambatanisha, mniwie radhi kwa mafuta. Leo mgambo ametishia kuchukua cherehani yangu, wakati hakuna ofisa aliyewahi kunikatalia.

Naomba nijibiwe ndiyo au hapana kabla ya Ijumaa. Nina gauni sita za komunio, na mabinti hawawezi kwenda altareni wamejitanda vitambaa. Ikiwa ni hapana, iandikwe sababu, na aliyeiandika atie sahihi yake.

Kesho nitakuwepo pale pale, ninashona. Mkinialika semina sitahudhuria."