Saa Sita za Mama Watoto

Fundi saa alipopokea picha ya tiketi kwenye simu, hakuangalia jina wala kiti. Aliangalia saa. Mkewe angeondoka kwa binti yao saa mbili usiku, atue hapa kesho yake saa sita mchana.

"Saa kumi na sita!" akamwambia kinyozi wa jirani. "Na ndege haitui popote njiani."

"Kwani ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu nane. Ndege inakwenda mia nane kwa saa. Hesabu mwenyewe."

Kinyozi akahesabu, akaguna. "Kumi. Sasa hizo sita mama anazipitishia wapi?"

Loo! Maneno hayo yalimwingia fundi kama mchanga ndani ya saa. Mchumba wa zamani wa mkewe si alihamia huko huko? Na zile simu za kila siku saa mbili asubuhi, mbona mkewe alikuwa akinong'ona? Mtu anayelea mjukuu ananong'ona nini? Eti, "Umekunywa dawa ya presha?" Basi, anakata. Wivu ukampanda. Akakusanya nguo za mkewe gunia zima, akaliweka mlangoni. Asipojieleza, ageukie hapo hapo arudi kwao.

Mkewe aliingia saa nane mchana, macho mekundu kwa uchovu.

"Karibu," fundi akasema, uso umekunjamana. "Kilomita elfu nane ni saa kumi. Wewe umetumia kumi na sita. Sita zimekwenda wapi?"

Mkewe akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Baba watoto! Siku ya kwenda niliondoka saa nne asubuhi, nikafika huko saa nane, mchana ule ule. Nilitumia saa nne, siyo? Mbona hukuniuliza niliwezaje kuruka haraka vile? Saa zao ziko nyuma yetu kwa sita!"

Fundi alilijua hilo. Miaka thelathini anatengeneza saa, halikumjia hata kidogo. Lakini hakukubali kushindwa kirahisi.

"Lete hiyo saa ya mkononi."

Akaisogeza karibu na ya ukutani. Zilikuwa sawa.

"Umeirekebisha wapi? Uwanjani?"

"Sijaigusa tangu niondoke."

"Miezi mitatu umeishi kule na saa ya hapa?"

"Sasa saa ya dawa yako ningeijuaje? Ikifika saa mbili yako, kule ni saa nane ya usiku. Naamka, nakupigia kwa sauti ya chini mtoto asishtuke, narudi kulala."

Fundi akaona aibu, akatamani ardhi immeze. Mkewe alikuwa ameshaliona gunia.

"Na hili?"

"Nguo zako. Nilitaka... zikafuliwe."

Mkewe akachomoa gauni la juu. Lilikuwa safi, limepigwa pasi. Akalirudisha polepole, akaketi juu ya sanduku lake.

"Leo asubuhi nilikuwa angani, sikuweza kupiga," akasema. "Dawa umekunywa?"

Hakuwa amekunywa.