Kabati la Mdogo Wangu

Nilijifunza kuvuta sigara Kaliua, nilipokuwa na miaka ishirini na moja. Kwetu ni Mtendeni, hapa Tabora mjini, lakini mwaka ule nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu na kufanya kazi kwenye banda la kupangia tumbaku. Tulikaa chini juu ya magunia, wanawake peke yetu, tukitenga majani kwa rangi: ya njano huku, ya kahawia kule, yaliyotoboka pembeni. Ukishinda humo siku nzima, tumbaku inakuingia kwenye nywele na kwenye khanga, hata wali unaokula jioni una ladha yake. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaa karibu yangu alisokota jani kwenye kipande cha gazeti na kuvuta huku mikono yake ikiendelea na kazi. Siku moja alinipa nijaribu. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, wenzangu wakacheka. Wiki iliyofuata nilimwomba mwenyewe.

Nilirudi Tabora nikaolewa na mfanyakazi wa reli. Yeye hakuvuta. Alijua kwamba mimi ninavuta, hakupenda, lakini alisema neno moja tu: "Watu wasikuone." Watu hawakuniona. Mwanamke wa Mtendeni kuvuta sigara ilikuwa aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo nilivutia nyuma ya choo, nikatafuna karafuu, nikajifukiza udi, kisha nikatoka barazani kuamkiana na majirani. Niliishi hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Hatukujaliwa mtoto. Mume wangu alipofariki nilirudi kwenye nyumba ya wazazi wetu, nikaishi na mdogo wangu.

Mdogo wangu nilimzidi miaka minne. Mumewe alikuwa amehamia Shinyanga na kuoa huko, akamwacha na binti mmoja. Binti huyo alisoma, akawa mwalimu Mwanza. Mdogo wangu alikaanga vitumbua kila asubuhi, na ilipofika saa nne, akishamaliza kuuza, alijifunga ushungi akaenda kwenye mitumba. Nguo hazikumshughulisha. Alifuata vile vitu vinavyokuja vimechanganyika na marobota, na vitu vya watumishi wanaohamishwa ambao hupanga vyombo vyao nje ya nyumba ili viondoke kabla ya safari. Alirudi na kitu kimoja, amekifunga kwenye ncha ya khanga kama mtu aliyebeba yai.

Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake ndimo vilimokaa. Kulikuwa na paka wa kauri mwenye sikio moja. Kulikuwa na tufe la kioo ambalo ukilitikisa inanyesha theluji juu ya kijumba kidogo, ila maji yalikuwa yamepungua nusu, kwa hiyo theluji ilinyesha chini ya madirisha tu. Kulikuwa na fremu ya picha yenye watu tusiowajua, mwanamume, mwanamke na watoto wawili, wamesimama kwenye ngazi za nyumba ya nchi fulani. Nilimwambia aitoe picha ile aweke ya mwanawe.

"Mwanangu ninaye," alisema. "Hawa hawana mtu."

Kitu kimoja tu hakukinunua. Lilikuwa bakuli la kauri lenye maua ya buluu, ambalo mama alikabidhiwa na mama yake, naye akakabidhiwa na wa kwake. Nyumbani tuliambiwa kwamba lilifika Tabora kichwani mwa mpagazi, enzi za misafara ya kutoka pwani, na kwamba la pili yake lilivunjika njiani, likabaki hili peke yake. Sijui kama ni kweli. Mdogo wangu aliamini. Aliliweka rafu ya juu, na mtu mwingine hakuruhusiwa kuligusa bila kunawa mikono.

Mimi niliviita vyote takataka. Nilikuwa nikivuta kwenye kibaraza cha uani, chini ya dirisha la chumba chake, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo majirani hawaioni. Moshi uliingia ndani. Pazia lake la dirishani liligeuka rangi ya chai, na vitambaa alivyofuma kwa mkono vya kutandika ndani ya kabati vikawa hivyo hivyo. Alivifua, akavirudisha. Kifua chake kilikuwa kikibana tangu tukiwa wadogo, lakini si sana. Alipoanza kukohoa asubuhi nilisema ni moshi wa mafuta ya vitumbua. Pengine ulikuwa huo.

Kiangazi cha mwaka juzi alishindwa kutembea kutoka sokoni hadi nyumbani. Walimleta kwa bajaji, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alituamkia shikamoo sote wawili kabla ya kushika chochote. Alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akakaa.

"Mama, unavuta sigara?"

"Sijawahi," alisema mdogo wangu.

"Nyumbani kuna anayevuta?"

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, nimeshika mkoba wake. Pakiti yangu ilikuwa kwenye sidiria. Nilimtazama daktari, nikatazama sakafu.

"Hakuna," mdogo wangu alisema. "Tunaishi wawili tu, mimi na dada yangu. Dada hana mambo hayo."

Daktari aliandika. Alieleza kwamba mapafu yamechakaa na hayatarudi kuwa kama zamani, ila akitumia dawa na kukaa mbali na moshi anaweza kuishi vizuri kiasi. Nilimuuliza hali hiyo imesababishwa na nini. Alisema huwezi kujua kwa mtu mmoja: jiko la mkaa, vumbi, miaka ya mafuta ya kukaangia, vyote vinachangia. Nilishukuru kwa jibu lile, na hadi leo ninaona haya kwamba nilishukuru.

Tulirudi nyumbani. Nilipomlaza nilikwenda chooni, nikaitumbukiza pakiti nzima shimoni pamoja na kiberiti. Sikumwambia. Jioni alipoona nimekaa sebuleni badala ya kibarazani, alitambua.

Sikujua kwamba itakuwa vile. Siku ya pili mikono ilitetemeka nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Siku ya nne nilimfokea muuza maji mpaka majirani wakatoka nje. Nilitafuna mihogo mibichi, nikala pipi kama mtoto, nikaota ninavuta na kuamka na kikohozi. Jambo baya zaidi lilikuwa hasira. Ilikuwa ikinipanda bila sababu, na aliyekuwa karibu ni mgonjwa.

Siku ya tisa aliniomba nimpangusie kabati, kwa kuwa vumbi lilimbana. Alikaa kwenye kiti mlangoni akinielekeza. Anza na paka. Sasa tufe. Usitumie kitambaa chenye maji. Nilipofika kwenye bakuli akasema, "Dada, hilo taratibu."

"Nimekuwa mjakazi wa takataka zako?" nilimjibu, na nikalibamiza bakuli kwenye rafu.

Lilipasuka. Vipande vingine vilibaki juu, vingine vilianguka chini na kuteleza hadi miguuni pake. Kitu kilichopita mikononi mwa wanawake wa kwetu wote, hakuna aliyekivunja, nilikivunja mimi kwa ajili ya sigara ambayo sikuivuta. Nilisimama pale. Nilitaka anitukane. Yeye alikuwa anavitazama vipande, pumzi inakoroma, na nilidhani analia lakini hakuwa analia.

"Leo siku ya ngapi?" aliuliza.

"Siku ya ngapi nini?"

"Tangu uache."

"Ya tisa."

"Basi kesho ni ya kumi," alisema. "Lete ufagio, usishike kwa mikono."

Tulivikusanya kwenye sinia. Kesho yake nilinunua gundi, nikakaa mezani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri nikiunganisha. Kipande kimoja cha ukubwa wa kucha hakikuonekana. Bakuli lilisimama, lenye mishipa ya kahawia kila upande na tundu karibu na ukingo. Aliligeuza geuza, akasema maua yamekutana vizuri. Hayakukutana vizuri.

Baada ya hapo mikono yangu ilipata kazi. Nilimtengenezea paka sikio la pili kwa udongo wa kichuguu, nikalipaka rangi nyeupe. Nilibandika upya migongo ya fremu, nikafuma vitambaa vipya vya rafu. Yeye alikaa karibu na kunihadithia kila kitu alikitoa wapi, alimkuta nani pale, walibishana nini. Kwa miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kumuuliza.

Nilianguka mara moja. Mwezi wa tatu tangu niache nilikwenda sokoni, nikanunua sigara moja, nikaivutia nyuma ya kibanda cha mkaa, nikimgeuzia mwenye kibanda mgongo. Nilitafuna karafuu njia nzima. Nilipoingia, mdogo wangu alinitazama, akainuka kwa taabu, akaenda kufungua dirisha. Sijavuta tena baada ya siku ile.

Haikumsaidia. Kiangazi kilichofuata vumbi lilikuwa jingi, akalazwa mara mbili. Mara ya tatu alifariki asubuhi, mpira wa oksijeni ukiwa bado puani, wakati mimi nimekwenda kumchukulia uji. Nilirudi na kikombe nikamkuta muuguzi anamfunika. Uji ulikuwa wa moto, nikawa sijui niuweke wapi.

Binti yake alikuja kutoka Mwanza. Tulizika, tukasoma hitima, watu wakatawanyika. Alipopata likizo alirudi, tukafungua kabati. Aliketi chini akatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mkekani.

"Mama mkubwa, hivi vyote tuvifanyeje?"

"Vyako hivyo. Sema wewe."

Alishika tufe, akalitikisa, akaliweka. Nilimtazama alivyoinamisha kichwa, kama mama yake, na nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema.

"Mama yako alimwambia daktari kwamba humu ndani hakuna anayevuta," nilisema. "Alisema uongo kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza."

Hakunitazama. "Najua unavuta, mama mkubwa. Najua tangu nasoma shule ya msingi. Nilikuwa nikija kwako nasikia harufu kwenye khanga zako."

"Niliacha."

"Aliniambia. Alifurahi sana." Alikunja kitambaa kimoja cha kufuma, kimoja kati ya vile vyangu. "Miaka sita iliyopita nilitaka kumchukua akae kwangu. Nilishamwandalia chumba. Nilimwambia, 'Mama, kifua chako na moshi wa pale, hapana.' Akasema hawezi, wewe utabaki peke yako."

Hilo sikulijua. Miaka sita. Nilihesabu kichwani kwamba wakati ule alikuwa bado anatembea hadi sokoni na kurudi.

"Unisamehe," nilisema.

Alikiweka kitambaa juu ya vingine. Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli akiuza samaki wa Kigoma.

"Sijui niseme nini, mama mkubwa," alisema. "Tumalize kwanza hii kazi."

Tukaimaliza. Paka alipewa jirani aliyemwosha mdogo wangu. Vingine walichukua wauza vitumbua wenzake, kila mmoja kitu kimoja. Binti alichukua bakuli. Alilifunga ndani ya khanga mbili za mama yake, akalipakata kwenye basi mpaka Mwanza, na akanipigia simu kuniambia limefika salama. Mimi nilibaki na kabati, na ile picha ya watu tusiowajua, ambayo hakuna aliyeitaka.

Mwanzoni alinipigia kila Ijumaa. Sasa ni mara moja kwa mwezi, pengine mbili. Ananiuliza afya, ananiuliza mvua, anasema kazi nyingi. Simlaumu. Msimu wa kuuza tumbaku ukifika, malori yanapita yamejaa marobota kutoka vijijini, na harufu ile inafika hadi barazani. Bado inaniita. Ninaingia ndani, nafunga mlango, nasubiri yapite.

Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kwenye mitumba, asubuhi, saa zile zile alizokuwa akienda yeye. Nilizunguka nikijiona mjinga. Kwenye turubai moja, kati ya sufuria na viatu vya watoto, kulikuwa na kikopo cha sukari cha bati kilichochorwa ndege wawili, hakina mfuniko. Nilikiinua, nikakirudisha, nikakiinua tena. Muuzaji alisema mfuniko ulipotea kabla hakijamfikia yeye. Nilikifunga kwenye ncha ya khanga nikaja nacho nyumbani, nikakisugua kwa majivu, nikakiweka kwenye rafu ya kati. Ndege mmoja amechubuka, haonekani uso. Kinakaa upande kidogo kwa sababu kitako chake kimebonyea, na bado sijapata cha kukitegemezea.